Sentensi ya Nyogokuru Iliyokatikia Njiani

Juma lililopita tulifungua sanduku la Nyogokuru, bibi yangu mzaa baba, ili tugawane vitenge vyake. Kabla kifuniko hakijasimama sawasawa, harufu ya nafutalini ikatupiga usoni, mimi na shangazi tukapiga chafya kwa pamoja. Shangazi akacheka. Mimi nikatoka uani, na waliobaki ndani wakadhani nimekwenda kulia. Nililia kweli, sioni haya kulisema, lakini kilichonitoa hasa ni kwamba harufu ile ilinirudisha ghafla sebuleni kwetu Biryogo, mtaa wa Kigali, nilipokuwa mtoto. Sanduku hilohilo lilikaa nyuma ya kiti cha mama yangu, mama ameketi mezani, na mbele yake kompyuta yenye skrini nyeusi iliyojaa herufi nyeupe.

Ninyi mliokua pamoja nami mnazikumbuka kompyuta za siku zile. Feni ilivuma kama lori linalopanda mlima, chini kulikuwa na joto la kukausha soksi, na mita ya umeme ukutani inapiga kelele kuomba kujazwa. Kompyuta za watu wengine zilikuwa na michezo na picha, ya mama haikuwa na kitu. Mama alitunza mitambo ya kampuni moja ya kusafirisha mizigo, na karibu kazi yote aliifanya pale mezani kwa kuiandikia amri kutoka mbali. Majirani hawakuiona kuwa ni kazi. Mama Zuhura, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuwa akichungulia na kutikisa kichwa.

"Mama Keza, hii sinema yako haina picha. Unaiangalia ya nini?"

"Inanilisha," Mama alimjibu bila kugeuka.

"Basi na mimi nitafutie moja."

Mtazamaji mkuu wa Mama nilikuwa mimi. Shuleni tulisoma kwa zamu, kwa hiyo nusu ya siku nilikuwa nyumbani, nimekaa juu ya sanduku, kidevu kimeegemea bega lake. Alinieleza mambo kama anavyomweleza mtu mzima, na tabia hiyo hajaiacha hadi leo. Programu moja, alisema, inaweza kuzaa nyingine. Ile ya kwanza huitwa mzazi, ya pili mtoto. Mzazi akishamwanzisha mtoto humwachia uwanja na kunyamaza. Chochote utakachoandika sasa anakipokea mtoto. Mtoto akimaliza shughuli yake huondoka, na mzazi anaushika tena usukani palepale alipouachia. Nilimuuliza kama mzazi huwa amelala wakati wote huo.

"Hajalala," Mama alisema. "Anasubiri tu."

Hilo nililipokea. Lililonitia wazimu lilikuwa jingine. Siku moja Mama alikuwa ananakili mafaili mengi, mistari inateremka mbio, na kazi hiyo ilikuwa inakula intaneti yote ya nyumba. Baba akapiga simu ya mtandaoni kutoka saiti ya ujenzi na sauti yake ikawa inakatikakatika. Mama akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, Control na Z, na mistari ikaganda. Mzazi akarudi, kialama chake kinapepesa. Mama akaongea na Baba habari za saruji mpaka wakamaliza, kisha akaandika herufi mbili tu, f na g, na mistari ikaendelea kuteremka kuanzia pale ilipokuwa imeishia. Haikuanza upya, wala haikusahau kitu. Nilimwomba arudie, akarudia, nikamwomba tena mpaka akanifukuza. Kuanzia siku hiyo niliamini, kwa imani yote ya mtoto, kwamba kitu kilichosimama katikati kinakaa salama mahali fulani, kinangoja aitaye.

Sasa nimtaje Nyogokuru mwenyewe. Wazazi wake walikimbilia Burundi, yeye akakulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na huko akauza vitenge sokoni ujana wake wote. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, kila mtu analijua hilo, lakini huwezi kumsikia Nyogokuru akitamka neno moja la Kiswahili. Kwake kilikuwa lugha ya soko na ya watu wajanja, na alipokanyaga Rwanda aliapa kwamba ndani ya nyumba yake watu watasema Kinyarwanda kilichonyooka. Hata hivyo, alipotafuta mahali pa kuishi Kigali nzima, alichagua Biryogo, penye adhana na harufu ya sambusa na vyerehani barazani, yeye Mkatoliki wa rozari tatu kwa siku. Baba alikuwa akimtania juu ya hilo, naye anajifanya hasikii.

Mama yangu, kwa upande wake, alilelewa Ngara, Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno, na Kinyarwanda chake kilikuwa kinachechemea. Unaona basi mambo yalivyokuwa. Mama akimsalimia mkwewe asubuhi, mkwewe anamsahihisha kwanza ndipo anaitikia. Mama alimeza tu. Mezani alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani ni mpole, kumbe alikuwa anatafuta maneno. Ugomvi wa wazi haukuwapo, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu hakuna siku waliyopatana pia.

Mimi nililala kitanda kimoja na Nyogokuru. Nilijua mkoromo wake, nilijua miguu yake ilikuwa baridi, nilijua alikuwa akinifunika bega akidhani nimelala. Kwa hiyo Baba alipoanza kujenga nyumba kule Kagugu, upande mwingine wa mji, swali langu lilikuwa moja: Nyogokuru anakuja au haji? Baba aliuliza pia, kwa kuzungukazunguka kama ilivyo desturi yetu ya kutomsukuma mzazi. Nyogokuru hakusema ndiyo wala hapana. Shangazi yangu aliishi kichochoro cha chini, papo hapo Biryogo, na angeweza kumchukua. Miezi ikapita, kuta zikapanda, na Nyogokuru akaendelea kusema tu kwamba anafikiri.

Ilikuwa alasiri. Mama yuko mezani, mimi niko juu ya sanduku. Nyogokuru akaja akasimama mlangoni mwa sebule na kusema kwa Kinyarwanda kwamba, kuhusu ile nyumba ya Kagugu, yeye "niyemeje", yaani nimeamua. Mama alikuwa katikati ya amri ndefu, macho hayawezi kuiacha.

"Mutegereze gato, Mama," akasema. Subirini kidogo. Aliisema vizuri, kwa heshima yote, na ajabu ni kwamba Nyogokuru hakumsahihisha. Aliegemea fremu ya mlango akasubiri.

Mama akamaliza, akageuza kiti. "Nawasikiliza, Mama."

"Niyemeje," Nyogokuru akasema tena. Kisha mdomo ukaenda upande mmoja. Mkono wa kulia ukateleza kwenye fremu, naye akashuka taratibu mpaka sakafuni, macho yamemtazama Mama wakati wote, kama anayeshangaa kwa nini neno la pili halifiki.

Hospitalini walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani anatembea kwa kushikwa, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, anaelewa ukimwonyesha kwa ishara, lakini sauti hakuna. Daktari alimwambia Mama waziwazi kwamba dakika ile ya kusubiri haikubadilisha kitu, ugonjwa ulikuwa umeshakuja. Mama aliitikia kwa kichwa. Nyumbani nilimkuta jikoni ameshika sufuria tupu, analia bila sauti, na aliponiona akasema, "Angalau ningemtazama, Keza. Alisimama pale mlangoni na mimi nampa kisogo." Nilimshika sketi tu.

Na nyumba ikaendelea kupanda. Aliamua nini? Swali hilo lilikula chakula pamoja nasi kila siku. Baba aliamini kwamba alikuwa anakataa. Anamjua mama yake, alisema, mtu akitaka kukubali hasimami mlangoni, anakaa kitini. Kwa hiyo chumba kilichokuwa kimepangwa kuwa chake kikafanywa stoo, na pale palipoachwa nafasi ya dirisha mafundi wakaziba kwa matofali. Mama aliamini kwamba alikuwa anakubali, na kwamba yeye ndiye aliyemkata kauli.

"Tunamhamisha mtu bila ridhaa yake, au tunamwacha bila ridhaa yake," Mama alisema. "Niambie lipi ni afadhali, Baba Keza."

Baba alijimiminia chai na kuiacha ipoe.

Mimi sikuwa na wasiwasi kama wao, kwa kuwa nilijua siri. Nyogokuru alikuwa amesimamishwa. Mahali aliposimama napajua, nilikuwepo, nimelisikia neno. Kilichohitajika ni mtu wa kumwita kuanzia palepale. Kila nikirudi kutoka shule nilivua viatu, nikasimama mbele ya kiti chake, nikamtazama machoni na kumtajia neno lake la mwisho: "Niyemeje." Kisha nikangoja. Alinitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, akanishika mkono. Kesho yake tena, "Niyemeje." Wakati mwingine nilijaribu kwa sauti nzito kama yake, nikidhani huenda hakuitambua sauti yangu.

Mama alinikamata nikiwa katika ibada hiyo. Aliponiuliza ninafanya nini, nikamweleza yote, Control na Z na zile herufi mbili, na ninavyosubiri aendelee. Nilidhani atacheka. Aliketi sakafuni karibu nami, mgongo ukutani.

"Kuna jambo sikukueleza," alisema. "Kazi ikiwa inaongea na kompyuta nyingine, ukiisimamisha, yenyewe inabaki vilevile. Ukiiita inaamka. Lakini yule wa upande wa pili naye ana uvumilivu wake. Akingoja sana bila kusikia kitu, anakata. Basi hii inaamka, inasema neno lake, na hakuna wa kulipokea."

"Kwa hiyo tukate tamaa?"

"Nimesema hivyo? Nimesema sisi ndio upande wa pili."

Tangu siku hiyo alihamisha meza yake ikakaa kando ya kiti cha Nyogokuru. Akiandika amri zake, anamsimulia kwa Kinyarwanda chake cha kuchechemea: huyu nimemwanzisha, huyu anasubiri, huyu amenigomea. Alikosea vibaya sana na hakukuwa tena na wa kumsahihisha. Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Aliwahi kusimama katikati ya sentensi yenye makosa, akamtazama mkwewe kwa matumaini, halafu akaendelea.

Siku iliyobadilisha mambo, mlango wa mbele ulikuwa wazi na Mama Zuhura yuko barazani kwake. Mchuuzi mmoja wa vitambaa alikuwa amekunjua kitenge chekundu na kumsifia: wax halisi, imetoka mbali, rangi haifi. Mama Zuhura anakivuta, anakinusa, anaanza kulainika. Nyogokuru alikuwa kitini, kitenge chote anakiona kutoka pale.

"Usinunue!"

Sote tuliruka. Mama alidhani kuna mtu ameingia.

"Usinunue, we mama! Hiyo si wax! Ule muongo, itachuja maji ya kwanza!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa sokoni, kali, imezoea kupenya makelele, na ilitoka kwenye kinywa cha Nyogokuru. Mchuuzi alikunja kitambaa chake upesi akateremka na kichochoro. Mama Zuhura aliganda na futi lake shingoni. "Kumbe bibi Mswahili!" akasema hatimaye. "Miaka yote hii tunasalimiana kwa vichwa kama bubu!"

Mama aliacha mashine ikivuma, hakubonyeza hata kitufe. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika Nyogokuru mikono yote miwili. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Ngara, pole pole, "Mama, unanisikia?"

"Nakusikia," Nyogokuru akasema. Machozi yakamtoka palepale. "Nakusikia, mwanangu. Weye nakusikia."

Kinyarwanda hakikurudi. Daktari alisema hutokea kwa watu wenye lugha nyingi, moja inaondoka na nyingine inabaki, na hakuna anayeweza kusema kwa nini. Mimi nilijua kwa nini, bila shaka. Kinyarwanda kilikuwa kimefunguliwa juu, Kiswahili kilikuwa chini yake kinasubiri kimya, na kile cha juu kilipoondoka, kile cha chini kikashika usukani. Nilimweleza Mama hesabu hiyo kwa fahari. "Usimfanye bibi yako kompyuta," alisema, lakini nilimsikia baadaye akimsimulia Mama Zuhura maneno yangu yaleyale.

Mtu aliyeumia ni Baba. Alikuja jioni hiyo mbio, akamkumbatia mama yake na kummwagia Kinyarwanda, naye akamtazama kama mgeni mwenye sura anayoifahamu. Baba alikuwa amesomeshwa na mapadri mbali na mji, Kiswahili chake kilikuwa cha saiti: leta mchanga, ongeza maji, inua hapo. Alijitahidi. "Mama, habari ya... ya mwili?" aliuliza, na Nyogokuru akacheka mpaka akakohoa, na Baba akacheka naye huku anafuta macho. Yaliyomshinda alimpa Mama amfikishie. Mwanamke aliyekuwa akisahihishwa salamu kila asubuhi sasa ndiye aliyeifungua nyumba ile.

Wale wawili, Mama na mkwewe, waliongea jamani. Waliongea kana kwamba kuna mtu amewafungia miaka yote na sasa amewafungulia mlango. Nyogokuru alimsimulia Buyenzi: mvua ya ziwani, kaka zake, mume aliyemnasa kwa kumpunguzia bei ya kitenge. Maneno mengine yalimpotea, akapiga paja kwa hasira, na Mama akamtafutia: ndoo? kamba? kanisa? Mama naye akamsimulia Ngara, na jinsi alivyofika Kigali akaona aibu kununua hata nyanya kwa sababu ya ulimi wake. Aliposikia hilo Nyogokuru aliutazama mkono wake wa kulia uliolala, kisha akaomba chai.

Mimi nilikaa juu ya sanduku nasubiri sentensi yangu. Sauti imerudi, sasa mbona haendelei? Nilimnong'oneza tena "Niyemeje," na nikaona haimfikii kabisa, imempitia kama upepo. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli kwa mara ya kwanza. Kuna vitu, nikaelewa, vinavyosimama na haviendelei, na huenda kitanda chetu kimoja ni kimojawapo.

Mama naye alikuwa anaogopa. Angeweza kumuuliza siku yoyote, na kila siku alikuta sababu ya kutouliza. Kama mkwewe alikuwa ameamua kukataa, basi angelazimika kulisikia kwa masikio yake, sasa, baada ya kumpenda. Mpaka Jumapili moja Baba akarudi kutoka Kagugu na funguo mkononi. Paa limekwisha, alisema, na Jumamosi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ukishamalizika, tunahama. Aliweka funguo mezani, akamtazama Mama, akamtazama mama yake, akakaa.

Mama aliifunga kompyuta. Sikuwa nimewahi kumwona akiifunga mchana.

"Mama," alisema, "kabla hujaugua ulisimama pale mlangoni. Ulisema umeamua, kuhusu nyumba ya Kagugu. Nikakwambia usubiri." Sauti ilimtetemeka, akaiachia itetemeke. "Ulikuwa umeamua nini?"

Nyogokuru aliutazama mlango. Alikunja uso, akatafuta, na sisi watatu tukatafuta naye.

"Sikumbuke," alisema.

Baba akainamisha kichwa.

"Lakini nazani nilikuwa nakatala," Nyogokuru akaendelea. "Siku zile nilikuwa na roho mubaya."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyebeba kitu kizito miezi mingi halafu akaambiwa kimejaa makapi. Alicheka na machozi yanamtiririka, akaficha uso magotini pa mkwewe, na mkono wa kushoto wa Nyogokuru ukamkalia kichwani.

"Na saa hii?" Mama akauliza kutoka hukohuko magotini.

Nyogokuru akamgeukia Baba, kwa kuwa mjenzi alikuwa yeye.

"Chumba yangu iko na dirisha?"

Baba akanyanyuka upesi, akatoka uani, na tukamsikia akimwambia fundi kwenye simu aache chochote alichonacho, aje kesho asubuhi na nyundo kubwa.